Mtoto Ana Nini Moyoni? Historia ya Afya ya Akili Katika Shule za Nairobi

(Muziki wa kufungua kipindi. Unashushwa taratibu.)

  

Leo tunazungumza juu ya afya ya akili ya mtoto, na jinsi shule inavyoweza kumfundisha aielewe. Lakini leo hatutaanza na dalili wala dawa. Tutaanza na historia. Nina sababu. Kila neno tunalomwambia mtoto anapolia, na kila kofi tunalompiga anaponyamaza, lina mahali lilikotoka. Tukijua lilikotoka, tutajua kama tunataka kuendelea nalo.

Nianze na kisa changu mwenyewe. Katika miaka ya 1980 nilikuwa darasa la nne katika shule moja upande huu wa magharibi wa Nairobi. Dawati langu tuliketi watatu. Mmoja wetu alikuwa msichana ambaye mama yake alizikwa wakati wa likizo. Shule ilipofunguliwa, msichana huyo alikuwa akisinzia darasani kila asubuhi, maana usiku hakuwa akilala. Mwalimu akamwita mbele, akamchapa kwa kusinzia. Kesho yake akachapwa kwa kutofanya hesabu. Siku ya tatu akachapwa kwa kutojibu alipoulizwa swali. Hakuna aliyemuuliza ana nini. Hata mimi niliyeketi naye bega kwa bega sikumuuliza, kwa sababu sikujua kwamba huzuni ni jambo ambalo mtu anaweza kuulizwa. Muhula wa tatu hakurudi.

Mwalimu yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akituletea maembe ya kwao. Ila hakuna aliyekuwa amemfundisha kwamba mtoto anaweza kuugua rohoni kama anavyougua tumboni. Na kwa nini hakufundishwa? Hebu turudi nyuma.

HOSPITALI ILIYOGEUKA TUSI

Mama, umewahi kusikia watoto wakigombana uwanjani, mmoja akamwambia mwenzake, "Wewe umetoka Mathari!" Bila shaka umesikia. Huenda hata wewe ulilisema ukiwa mdogo. Tusi hilo lina umri mkubwa kuliko nyanya zetu wengi.

Hospitali ya Mathari, iliyo kando ya barabara ya Thika, ilianza mwaka 1910. Mahali hapo palikuwa pa kuwatenga wagonjwa wa ndui. Serikali ya kikoloni ikapageuza kuwa nyumba ya kuwaweka watu walioitwa wendawazimu. Mwaka 1924 pakaitwa Hospitali ya Akili ya Mathari, na mwaka 1964, baada ya uhuru, ikawa Hospitali ya Mathari. Wakati wa ukoloni wagonjwa walitenganishwa kwa rangi zao, na kwa Mwafrika kazi kubwa ya mahali hapo ilikuwa kumweka mbali na watu, si kumponya. Aliyepelekwa huko kijiji kilimhesabu kama aliyepotea. Ndiyo maana jina la hospitali likawa tusi, na mpaka leo kuna mama anayeona aibu kumpeleka mtoto wake kupata matibabu huko, ingawa siku hizi ni hospitali ya kitaifa ya rufaa na mafunzo, yenye wataalamu.

Mwaka 1938 hospitali hiyo ilipewa daktari Mwingereza aliyeitwa J. C. Carothers, akaiongoza mpaka mwaka 1950. Hakuja akiwa bingwa wa magonjwa ya akili; alikuwa daktari wa kawaida wa serikali. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba Mwafrika ni nadra kupatwa na ile huzuni nzito isiyoisha ambayo wataalamu huiita sonona au unyogovu. Alifika hata kumfananisha Mwafrika mwenye afya na Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo wake.

Msikilizaji, madai hayo yalikuwa ya uongo. Daktari Frantz Fanon wa Martinique aliyakemea katika kitabu chake cha mwaka 1961, na madaktari Waafrika kama Thomas Adeoye Lambo wa Nigeria walionyesha kwa kazi yao kwamba huzuni na hofu humpata kila binadamu. Hakuhesabu kwamba wenye huzuni hawakuletwa Mathari. Waliletwa waliopiga kelele na kupiga watu. Mwenye huzuni alibaki nyumbani, ameelekeza uso ukutani, wala hakuna aliyemwandika daftarini.

Sasa sikiliza jambo la kusikitisha. Miaka ileile watoto wa upande wetu huu walikuwa katika mateso. Dagoretti wakati huo ilikuwa bado katika wilaya ya Kiambu. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Shule huru za Wakikuyu, ambazo wazazi walizijenga kwa mikono yao, zilifungwa. Tangu mwaka 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Mkoa wa Kati walihamishiwa kwa lazima katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na kulindwa na askari. Watoto waliona baba zao wakichukuliwa usiku. Na katikati ya hayo yote vitabu vya madaktari vikasema kwamba watu hawa hawana huzuni.

Watoto hao ndio baadaye wakawa wazazi wetu na walimu wetu. Walijifunza kunyamaza, nao wakatufundisha kunyamaza. Mama anapomwambia mtoto, "Nyamaza, hata sisi tulipata taabu na hatukufa," hasemi kwa ubaya. Anarudia alichoambiwa.

KIBOKO NA MTIHANI

Baada ya uhuru serikali ilikuwa na haraka ya kujenga shule na kupata watu wa kufanya kazi walizoacha Wazungu. Mwaka 1971 Wizara ya Elimu ilianzisha kitengo cha mwongozo na ushauri, na mwaka 1976 kamati ya elimu iliyoongozwa na Peter Gachathi ilipendekeza huduma hiyo iimarishwe. Lilikuwa jambo jema. Lakini katika shule nyingi mwalimu wa ushauri alikuwa yule anayemwambia kijana wa kidato cha nne achague ualimu au ukarani. Na alikuwa na vipindi vyake vya kufundisha vilevile. Ushauri aliutoa kama muda ulibaki, na muda haukubaki.

Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4. Mtoto wa miaka 13 au 14 alifanya mtihani wa darasa la nane akijua kwamba karatasi hiyo itaamua maisha yake. Mtihani huo uliendelea mpaka mwaka 2023 ulipofanywa kwa mara ya mwisho. Wengi wetu tunakumbuka kuamka saa kumi usiku, masomo ya ziada Jumamosi, na orodha ya nafasi ikisomwa mbele ya shule nzima. Wa mwisho alisimama peke yake. Na chombo cha kutatua kila tatizo kilikuwa kiboko. Mtoto akichelewa, alichapwa. Akifeli, alichapwa. Akikojoa kwa hofu, alichekwa kwanza, kisha akachapwa.

Katika miaka hiyo yote hakukuwa na saa moja katika juma ambayo mtoto alifundishwa kutaja jina la kinachomsumbua moyoni.

IJUMAA YA MWAKA 1998

Tarehe 7 Agosti 1998, siku ya Ijumaa asubuhi, bomu lililipuka katika ubalozi wa Marekani, pale barabara ya Moi inapokutana na ya Haile Selassie. Jengo la Ufundi liliporomoka. Zaidi ya watu 200 walikufa na maelfu wakajeruhiwa, wengi wao wakipigwa na vioo machoni, kwa sababu waliposikia kishindo cha kwanza walikimbilia madirishani kutazama.

Jioni ile, katika mitaa yetu, kulikuwa na watoto waliosimama kwenye kituo cha matatu wakingoja mama aliyefanya kazi mjini. Wengine mama alishuka, ana damu kwenye nguo. Wengine hakushuka.

Ni baada ya msiba huo ndipo kwa mara ya kwanza jiji zima lilisikia habari za kiwewe, yaani jeraha linalobaki moyoni baada ya tukio la kutisha. Madaktari wa akili, akiwamo Daktari Frank Njenga, walizungumza wazi mbele ya watu kuhusu ndoto mbaya, kushtuka ovyo, na kukosa usingizi. Chama cha Madaktari cha Kenya kilianzisha mpango wa kuwasaidia walionusurika na familia zao. Watafiti waliwafikia watoto wa shule zaidi ya 500 hapa Nairobi na kuwauliza juu ya bomu lile. Walikuta kwamba miezi mingi baada ya majengo kusafishwa, kulikuwa na watoto ambao bado walibeba kiwewe, na kwamba kiliwatatiza katika maisha yao ya kila siku.

Mama, tafakari jambo hilo. Watoto waliulizwa, nao walijibu. Walikuwa na maneno. Kilichokosekana miaka yote ni mtu wa kuuliza.

MOTO WA KYANGULI NA MWISHO WA FIMBO

Usiku mmoja mwishoni mwa Machi 2001 bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, wilaya ya Machakos, liliteketea. Wavulana 67 walikufa. Moto uliwashwa makusudi. Nchi nzima ilijiuliza: vijana wamefikaje hapo?

Serikali iliunda jopo lililoongozwa na Naomy Wangai kuchunguza ghasia za wanafunzi. Pamoja na mambo mengine, jopo lilitaka huduma ya mwongozo na ushauri iimarishwe katika shule. Mwaka huohuo wa 2001 adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya. Katiba ya mwaka 2010 na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 zikatia nguvu marufuku hiyo. Sheria ya 2013 inakataza kumwadhibu mtoto kimwili na pia kumtesa kiakili. Kwa hiyo kumdhalilisha mtoto kwa maneno mbele ya wenzake ni kosa, hata kama hajaguswa.

Lakini ukimnyang'anya mwalimu fimbo bila kumpa kitu kingine mkononi, atafanya nini? Januari 2003 elimu ya msingi ikawa ya bure. Watoto zaidi ya milioni moja ambao hawakuwa shuleni waliingia, na madarasa yakafurika. Mwalimu mwenye watoto 80 au 90 hawezi kuona ni nani hakulala usiku. Wengine wakaichukua fimbo tena, kimyakimya, na sisi wazazi wengine tukawaambia, "Mchape tu, mwalimu, mimi nimeshindwa naye." Tuseme ukweli: marufuku ya fimbo ilivunjwa na pande mbili, shule na nyumbani.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba 2007. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakakimbia makwao. Hapa kwetu uwanja wa maonyesho wa Jamhuri uligeuka kambi ya familia zilizokimbia. Shule zilipofunguliwa, watoto wa waliopigana waliketi dawati moja. Mwaka huo wa 2008 somo la stadi za maisha lilianza kufundishwa katika shule za Kenya. Lilihusu kujitambua, kukabili hisia, kuishi na wenzako na kufanya uamuzi. Hatimaye jambo hili lilikuwa limeingia kwenye ratiba! Ila halikuwa na mtihani. Na wewe unajua, mama, somo lisilo na mtihani huliwa na hesabu.

ASUBUHI YA NG'ANDO

Sasa tufike nyumbani kabisa. Jumatatu tarehe 23 Septemba 2019, asubuhi na mapema, ghorofa ya juu ya madarasa ya mbao na mabati ya shule ya Precious Talent iliporomoka huko Ng'ando, karibu na barabara ya Ngong. Watoto 7 walikufa siku hiyo na makumi wakajeruhiwa. Wazazi waliokuwa wamewafikisha lango la shule dakika chache kabla walirudi mbio, wakachimba kwa mikono.

Shirika la Msalaba Mwekundu lilifika na kuweka meza ya kuwatafuta waliopotea, pamoja na washauri wa kuongea na watoto na wazazi. Hii ilikuwa tofauti kubwa na siku zangu za darasa la nne. Hakuna aliyesema, "Watasahau tu." Watu walijua kwamba aliyetoka bila mkwaruzo naye anaweza kuwa ameumia.

Lakini washauri huja na msiba na huondoka na msiba. Mtoto naye hubaki. Huenda mwaka mmoja baadaye, mvua inapogonga mabati, anaingia chini ya dawati. Je, mwalimu wa siku hiyo anajua ni kwa nini? Je, wenzake watacheka, au watasogea wampe nafasi? Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya kumtibu mtoto baada ya msiba na kuwafundisha watoto wote kabla ya msiba. Ukitazama historia yetu yote niliyoisimulia, utaona kwamba tuliamka baada ya bomu, baada ya moto, baada ya vita, baada ya jengo kuanguka. Kila mara tulichelewa kwa siku moja.

KIBERA: VIJANA WAFUNDISHA VIJANA

Hata hivyo kuna habari njema, na haikutoka mbali. Mwaka 2018 kijana Mkenya aitwaye Tom Osborn na wenzake walianza kazi waliyoiita Shamiri katika shule za sekondari, wakianzia Kibera. Kwa kuwa wataalamu wa akili ni wachache sana nchini, hawakungoja wataalamu. Waliwafunza vijana waliokuwa wamemaliza sekondari tu, waongoze vikundi vidogo vya wanafunzi saa moja kwa juma, kwa majuma manne.

Katika vikundi hivyo hawakuanza kwa kusema, "Tumekuja kutibu wagonjwa wa akili." Wangesema hivyo, nani angeketi? Walizungumza juu ya jinsi mtu anavyoweza kubadilika na kukua, juu ya kushukuru kwa mema madogo, na juu ya yale ambayo mtu anayathamini maishani. Walisimuliana visa, waliandika, walisikilizana.

Kisha wakafanya utafiti kwa wanafunzi 413 wa sekondari waliokuwa na dalili za huzuni au wasiwasi uliopita kiasi. Waliwagawa kwa kura: wengine katika vikundi vya Shamiri, wengine katika vikundi vya kujifunza mbinu za kusoma. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Dalili za huzuni na wasiwasi zilipungua zaidi kwa waliokuwa katika vikundi vya Shamiri, na miezi 7 baadaye nafuu hiyo ilikuwa bado inaonekana. Bila kidonge, bila wodi, bila mtu kuitwa kwa jina la Mathari.

Hao walikuwa wa sekondari. Watoto wetu wa shule ya msingi nao wanahitaji lao, kwa lugha yao. Shirika la Afya Duniani limesema kwamba theluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla mtu hajafika miaka 14. Kwa hiyo kusubiri mpaka sekondari ni kuchelewa. Mtaala wa Umilisi ulioanza kutumika kote nchini mwaka 2019 umeweka kujiamini na mawasiliano miongoni mwa yale ambayo kila mtoto anapaswa kuyapata. Mlango umefunguliwa. Ni mwalimu na mzazi watakaoamua kama mtoto ataupita.

SOMO LENYEWE NI LIPI?

Mama mmoja aliniuliza, "Mnataka kuwafundisha watoto wetu wazimu?" La, mama. Somo la afya ya akili kwa mtoto lina mambo manne tu.

La kwanza, kutaja hisia kwa jina: nina hofu, nina hasira, nina aibu, nina upweke. Mtoto asiyejua neno "upweke" atasema tumbo linauma.

La pili, kujua kwamba akili huugua na hupona kama mwili. Si laana, si uchawi, si uvivu.

La tatu, kujua ni nani wa kumwambia. Kila mtoto ataje watu wazima watatu: mmoja nyumbani, mmoja shuleni, mmoja wa jirani, kanisani au msikitini.

La nne, jinsi ya kumtendea mwenzako aliyelemewa. Usimcheke, usimwite majina, keti naye, mwite mwalimu.

Waweza kuhofia kwamba mtoto akitajiwa habari za kujiua atapata wazo. Wataalamu wamelichunguza jambo hilo, na kumuuliza mtoto kwa upole hakumpandi wazo hilo. Humpa nafasi ya kutua mzigo. Hata sheria sasa iko upande wako. Tangu ukoloni, Kanuni ya Adhabu ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na familia nyingi zilificha kwa kuogopa polisi. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Usifiche. Mtoto akisema anataka kufa, au hana haja ya kuishi, mwamini. Usimwache peke yake, na mfikishe hospitalini siku hiyohiyo.

UNACHOWEZA KUFANYA LEO JIONI

Mtazame mtoto. Je, amebadilika kwa majuma mawili au zaidi? Hali chakula, halali au analala mno, ameacha kucheza, anakojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, anapigana bila sababu, alama zimeshuka ghafla? Hizo si tabia mbaya mpaka umeuliza.

Muulize mkiwa na kazi mkononi, mnapochambua sukuma au mnapofua, maana mtoto huzungumza vizuri zaidi asipokodolewa macho. Usimuulize, "Una shida gani wewe?" Mwambie, "Naona siku hizi hucheki. Niambie, niko hapa." Kisha nyamaza. Akilia, mwache alie.

Nenda shuleni umweleze mwalimu kama kuna msiba nyumbani, kama baba ameondoka, kama mmefukuzwa nyumba. Mwalimu hawezi kusoma usichomwambia. Katika mkutano wa wazazi uliza: nani ni mwalimu wa ushauri hapa, na ana saa gani ya kuwaona watoto?

Hali ikizidi, mpeleke kituo cha afya kilicho karibu nawe, nao watakuelekeza hospitali yenye wataalamu. Simu ya watoto, namba 116, hupigwa bila malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Nimalizie pale nilipoanzia. Mara nyingi ninapopita karibu na shule ile, namkumbuka msichana wa dawati letu. Sijui alikokwenda. Kama yu hai, huenda sasa ni mama, labda ananisikiliza. Dada, kama ni wewe, pole kwa mama yako. Tulipaswa kukuambia hivyo muhula ule.

Na wewe mama unayenisikiliza, jioni ya leo kuna mtoto atakayeingia mlangoni mwako akiwa na begi mgongoni. Kabla hujauliza alipata ngapi katika hesabu, muulize moyo wake umeshindaje.

  

(Muziki wa kufunga.)

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Ulipokuwa shuleni, mtoto mwenye huzuni alitendewaje? Je, wewe unamtendeaje wako?
2. Ni maneno gani ya dharau kuhusu ugonjwa wa akili tunayotumia nyumbani mbele ya watoto? Tutatumia yapi badala yake?
3. Mtoto wako anaweza kutaja watu wazima watatu wa kuwaambia siri nzito? Muulize leo, kisha mlete jibu katika mkutano ujao.
4. Shule iliyo karibu nasi ina mwalimu wa ushauri? Ni nani kati yetu atakayekwenda kuuliza?